Viua Thelathini na Vinane

Jambo la kwanza aliloligundua Ansoifa ni kwamba hakusikia mlio.

Alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya jiko la mokari, vile vitumbua vya mchele na nazi ambavyo mama yake aliviuza mlangoni kila asubuhi. Masikio yake yalikuwa ndani ya nyumba, kama yalivyokuwa siku zote dada yake Zalifa alipobeba kitu. Alimsikia Zalifa akivuta ile pumzi fupi aliyoivuta kila kitu kilipomponyoka. Ansoifa akanyoosha mkono akashika ufagio. Akangoja. Mlio haukuja.

Aliingia na ufagio wake. Zalifa alikuwa amesimama katikati ya chumba, vidole vimefunguka, na kikombe kilikuwa hewani usawa wa nyonga yake. Kilikuwa kimelala upande. Kahawa ilikuwa imefika ukingoni na kukaa hapo hapo. Sakafu ilikuwa kavu.

"Kimebaki," Zalifa alisema.

"Nimeona," Ansoifa akajibu, akaurudisha ufagio mahali pake.

Ulikuwa mwaka 1980, huko Marodoka, kisiwani Nosy Be, na harufu ya mlangilangi uliokuwa ukichemshwa kiwandani ilikuwa imeingia mpaka kwenye unga. Mama yao, Bi Hasnati, alikuja akifuta mikono. Alikishika kikombe akavuta. Hakikusogea. Alivuta kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ameuegemeza ukutani, kama mtu anayeng'oa msumari, kisha akaacha.

"Afadhali," alisema. "Hivi vingine vimebaki vinne tu."

Akakifunika kwa kitambaa, kwa sababu Ijumaa walikuwa na wageni.

Kabla ya mwezi kwisha vilikuwa vitu saba. Vikombe viwili, upawa, chemni ya taa, kitana, bakuli la wali na wali wake, na yai. Yai lilikuwa limebaki usawa wa goti karibu na mlango wa uani, na wote walijifunza kulipita kwa ubavu. Vitu havikwenda popote na havikuchakaa. Nzi hawakuugusa wali. Boinali, muuza samaki, ambaye alizoea kuingia kupumzika kabla ya kuendelea hadi mjini Hell-Ville, alianza kutundika kofia yake ya ukindu kwenye upawa.

"Hodi, Mama Zalifa! Leo nitundike wapi, kwenye upawa au kwenye kitana?"

"Tundika kichwani kwako," Bi Hasnati alimjibu.

Boinali akacheka, na wateja wa mokari wakacheka. Zalifa aliyekuwa nyuma ya pazia alicheka pia, kwa kuwa kutocheka kungewafanya wamtazame. Ansoifa hakucheka. Aliinamisha uso juu ya jiko, masikio yanamwaka moto, akaomba Boinali asiendelee. Boinali aliendelea.

Zalifa alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuwa na kumbukumbu ambayo watu waliitumia kama kitabu. Ukitaka kujua nani alizaliwa na nani, lini, na nani alikuwa mkunga, ulimwuliza Zalifa. Maulidi aliyasoma kwa moyo tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kifungo cha nguo kilimshinda. Mlango alioupita kila siku ulimgonga bega kila siku. Akimimina, alimimina pembeni. Akishuka ngazi, aliitazama kila ngazi kana kwamba imewekwa asubuhi hiyo. Wengine walisema ni mvivu, wengine wakasema amefanyiwa, na watoto wa njiani walimwita Bibi Mwaga. Daktari hakuna aliyemfikiria, kwani hakuwa anaumwa popote.

Zamani walikaa Mahajanga. Mwisho wa mwaka 1976, Wangazija walipouawa mjini mle na nyumba zao kuchomwa, waliobaki walikimbia, wao wakiwemo. Lori lililowabeba lilikuwa na ngazi ya chuma nyuma. Zalifa alianguka kwenye ngazi hiyo mara mbili, na watu arobaini ndani ya lori wakampigia kelele kwa pamoja. Mara ya tatu Ansoifa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliruka chini, akamshika miguu, akaipandisha mmoja baada ya mwingine. Baba yao alipanda ndege ya Moroni na hakuonekana tena. Wao waliishia Marodoka, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu shangazi wa Bi Hasnati.

Siku ya pili Bi Hasnati alimwita Ansoifa.

"Wewe umeshasoma darasa la nne," alimwambia. "Imetosha. Sasa utakuwa mikono ya dada yako."

Daftari la Ansoifa lilikuwa na kurasa kumi na moja tupu. Alilifunga.

Akawa mikono. Alifunga vifungo, alichana nywele, alimimina kahawa wageni walipokuja huku Zalifa amekaa pembeni kama bibi mkubwa. Alikuwa msichana mwenye haya, asiyeweza kusema "ndiyo" mbele ya mtu mgeni bila kumeza mate, lakini mikono yake haikuwa na haya. "Huyu mdogo anajua," wageni walisema. Hakuwahi kusifiwa kwa kitu kingine. Hata hivyo, walipokwenda Hell-Ville alitembea hatua tatu mbele ya dada yake. Barabara ikiwa mbaya, alitembea hatua sita.

Posa ilikuja mwaka huo huo. Mchumba aliitwa Mdahoma, mpima mizigo kwenye bohari moja ya bandarini Mahajanga. Watu wa kwao walikaa mtaa wa Mahabibo na hawakuwa wamekimbia, kwa sababu bibi yao Msakalava, mwenyeji wa pale, alikuwa amesimama mlangoni siku tatu na hakuna aliyethubutu kumpita. Walitaka msichana mwenye dini na ukoo unaojulikana. Kuhusu mikono hawakuuliza, maana hayo yangejulikana kwenye kofia.

Kwa watu wao, mchumba humshonea mume wake kofia ya viua. Ni kitambaa cheupe kilichochorwa kwa penseli, kila kiua ni kitobo kidogo kuliko punje ya mchele, kinachotobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka kishike. Kofia ya Mdahoma ilichorwa viua mia nne na kumi. Siku ya harusi mama mkwe huigeuza ndani nje kabla mwanawe hajaivaa, kwa kuwa mkono wa mshonaji huonekana upande wa ndani.

Bi Hasnati alimpa Ansoifa kitambaa.

"Shona," alisema. "Na mdomo wako uushone."

Zalifa aliona. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, alisema, "Mama, nataka kushona ya kwangu."

"Kwa mikono ipi?" Bi Hasnati akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Zalifa aliinuka, akaligonga yai kwa goti, yai halikutikisika, akatoka nje.

Alikwenda kwa Rabiata, mwanamke mzee aliyekaa kwenye nyumba ya mawe iliyobakiwa na nusu ya paa. Kila mtu alimwita Koko Rabiata, kama bibi huitwavyo kwao. Koko Rabiata alikuwa mshonaji kofia tangu usichana. Miaka minane nyuma kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, akakaa mwaka mzima akijifundisha upya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kushika kijiko. Sasa alishona tena.

"Unataka kujifunza kwa muda gani?" alimwuliza Zalifa.

"Harusi ni baada ya miezi minane."

"Sikuuliza harusi."

Zalifa akafikiri. "Kwa muda utakaotakiwa, Koko."

"Kaa basi. Si hivyo. Nyayo zote mbili chini."

Ansoifa ndiye aliyempeleka dada yake kila siku baada ya sala ya adhuhuri, na wiki za mwanzo alikaa akitazama. Wiki nzima ya kwanza sindano haikutoka kwenye kopo. Koko Rabiata alimfundisha kukaa: nyayo chini, viwiko juu ya meza, mgongo kwenye ukuta, ili mwili usiwe na kazi nyingine. Kitambaa alikibana kwenye duara la ubao, na ubao akaugandamiza kwa jiwe, Zalifa asilazimike kushika vitu viwili kwa wakati mmoja. Sindano ilikuwa nene, ya kushonea magunia. Na kila tendo lilikatwa vipande, na kila kipande kilipewa jina, na Zalifa alitakiwa kulisema kwa sauti kabla ya kulifanya.

"Chini," Zalifa alisema. "Juu. Vuta. Pumzika."

"Umesahau kupumzika. Umesema, hukufanya."

"Nitachelewa, Koko."

"Umeshachelewa tangu uzaliwe, mwanangu, dakika moja itakuzidishia nini? Pumzika."

Zalifa alicheka mpaka akaliegemea jiwe. Ansoifa hakuwa amewahi kumsikia akicheka kwa sababu ya mikono yake, isipokuwa pale alipochekwa.

Kulikuwa na sheria nyingine. Saa ile ile, kiti kile kile. Mtu asisimame nyuma yake. Mtu asimsemeshe mkono ukiwa kazini. Kiua kikiharibika, kinaachwa kama kilivyo na kinafuata kingine. Akichoka, siku imekwisha, hata kama ni kiua kimoja tu.

Wiki ya pili Koko Rabiata alikuja nyumbani kwao na fimbo yake, kuona jinsi Zalifa anavyoishi. Alivipita vitu vyote vilivyobaki hewani, akasimama mbele ya kikombe cha kwanza na kukifunua.

"Kahawa ya lini hii?"

"Ya mwezi wa Rajabu," Zalifa alisema.

"Bado ni moto?"

Zalifa alikigusa kwa kidole. "Vuguvugu."

"Basi inywe. Usikiendee mbio, hakina safari. Simama kwanza. Sema."

Zalifa alisimama. "Nyayo," alisema. "Kiwiko. Vidole wazi." Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na Bi Hasnati aliyekuwa mlangoni akakohoa, na Koko Rabiata akainua fimbo bila kugeuka ili akohoe baadaye. "Vidole vinafunga," Zalifa alisema. Kikombe kikaja. Aliinywa kahawa mpaka mwisho.

"Mokari zinaungua," Bi Hasnati alisema, akaenda uani.

Siku hiyo Koko Rabiata aliacha maagizo. Vikombe vijazwe nusu. Chini ya sinia kiwekwe kitambaa kibichi ili vyombo visiteleze. Vifungo vikatwe, vishonewe kamba za kufunga. Kizingiti kipigwe mstari wa chokaa mguu ukione. Na atakayetaka kumsaidia amwambie kwanza, asimpokonye. Bi Hasnati aliyakubali yote na kuyatekeleza, isipokuwa kwamba mstari wa chokaa aliufuta kila Alhamisi jioni kwa ajili ya wageni wa Ijumaa, na Ijumaa Zalifa alijikwaa.

Vitu vilichukuliwa hewani kimoja kimoja. Upawa, kitana, chemni. Bakuli la wali walilila siku moja wakiwa wameishiwa. Boinali alilalamika kwamba sasa hana pa kutundika. Yai tu halikuchukuliwa, kwa kuwa lilikuwa chini na Zalifa alikuwa bado hajajua kuinama na kushika kwa pamoja.

Mchana Zalifa alishona ya kwake kwa Koko Rabiata, na alfajiri, kabla dada yake hajaamka, Ansoifa alishona ile nyingine. Wiki ya tatu Zalifa alishona viua vitatu. Mwezi wa pili alishona kimoja kila siku. Mwezi wa tano vilikuwa vitatu kwa siku, na midomo yake ilikuwa ikisema maneno bila sauti. Alianza kumimina chai mwenyewe. Asubuhi moja Ansoifa alikwenda kumfunga kamba za gauni akakuta zimeshafungwa. Alisimama pale na mikono yake mbele, hana pa kuipeleka.

"Nimeshamaliza, kamama," Zalifa alimwambia kwa upole. "Kanywe chai."

Zilipobaki wiki tatu kabla ya safari ya Mahajanga, Bi Hasnati alimwita Ansoifa kando.

"Mimi macho yangu hayaoni viua," alisema. "Nenda kaangalie kwa Koko. Uniambie, atamaliza au hatamaliza? Kama atamaliza, basi apeleke ya kwake, ndiyo haki. Nitakachokisikia kwako ndicho."

Ansoifa alikwenda. Koko Rabiata alimwita aingie, akamwonyesha kofia upande wa ndani. Ilikuwa na vifundo ambavyo mshonaji mwingine asingeviacha, na viua vya mwanzoni vilikuwa vimepinda kama meno ya mtoto. Lakini vyote vilikuwa vimeshika. Vya mwezi wa mwisho ungedhani ni vya mtu mwingine. Ansoifa alihesabu vilivyobaki. Vilikuwa thelathini na vinane.

"Mwambie mama yako wiki mbili," Koko Rabiata alisema. "Ya tatu ni ya kufua na kupiga pasi."

Zalifa aliinua uso kutoka kwenye jiwe lake akamtazama mdogo wake. Alikuwa na uzi umemkaa kwenye shavu. Alitabasamu, kisha akakumbuka sheria, akarudi kwenye kiua chake.

Kutoka nyumba ya Koko hadi kwao ni hatua mia mbili na kidogo. Ansoifa alizitembea polepole. Bi Hasnati alikuwa akimngoja mlangoni, mwiko mkononi.

"Enhe?"

"Hawezi," Ansoifa alisema.

Bi Hasnati aliitikia kwa kichwa. Akarudi kugeuza mokari.

Jioni Zalifa aliporudi na kazi yake, mama yake alimwambia kwamba ya Ansoifa imekwisha, imeshapigwa pasi, na ndiyo itakayosafiri.

"Nani amesema sitamaliza?" Zalifa aliuliza.

"Kila mtu anaona, mwanangu. Usijitese."

Zalifa alimtazama mama yake, kisha Ansoifa. Ansoifa alikuwa akikunja nguo iliyokwisha kukunjwa. Kofia ilimtoka Zalifa mkononi. Hakuitupa. Ilibaki hewani karibu na dirisha, usawa wa kifua, sindano imenyooka mwishoni mwa uzi. Alingoja kidogo mbele yake. Hakusema "nyayo", hakusema "kiwiko". Kisha akaenda kulala, na mlango ukamgonga bega.

Mahajanga harusi ilikuwa nzuri. Mama mkwe aliigeuza kofia ndani nje mbele ya wanawake wote, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akapiga vigelegele. "Mikono ya dhahabu!" alisema. "Mwanangu amepata mikono ya dhahabu!" Wanawake walimshika Zalifa mikono wakaibusu. Ansoifa alikuwa nyuma, karibu na masufuria, akipakua pilau. Aliungua kiganja na hakukiondoa upesi.

Mikono ya dhahabu haioshi sufuria. Mama mkwe hakumruhusu Zalifa kugusa kisu, wala ndoo, wala kikombe. "Itunze hiyo kwa viua," alimwambia. Baba mkwe alitaka kofia ya Idi. Ami wa Mdahoma, aliyekaa Boanamary, akataka. Imamu akataka. Zalifa alisema hawezi kushona mbele za watu, ni lazima ajifungie, na kweli alijifungia, akakaa chumbani juu ya kiti, nyayo chini, bila kitambaa. Habari zilifika Marodoka kwa wasafiri, na kofia zilirudi kwa wasafiri hao hao, zimefungwa ndani ya shuka. Ansoifa alizishona. Posa zake mbili zilikuja wakati huo, na mara zote mbili Bi Hasnati alisema wangoje kwanza imalizike kofia ya watu wa Mahabibo. Hawakungoja.

Pale Mahabibo hakuna kitu kilichobaki hewani hata siku moja, kwa sababu hakuna kitu alichopewa kushika.

Koko Rabiata alifariki mwaka 1988. Hakumwuliza Ansoifa neno, lakini tangu kofia ya Zalifa ilipobaki hewani hakumwita tena aingie. Kofia ilikaa karibu na dirisha. Haikupata vumbi, wala haikugeuka rangi. Wageni waliipita. Ansoifa alihamisha kitanda chake chumba cha nyuma, asiione akiamka, na bado aliamka akiiona.

Bi Hasnati alifariki mwaka 2004. Zalifa alikuja kwenye arobaini, kwa gari la abiria, taksi-burusi, hadi Ankify na boti hadi Hell-Ville, akiwa na nywele za mvi na mfuko uliofungwa kamba. Wageni wa hitima walipoondoka, dada wawili walikaa uani. Zalifa alisimulia, kwa ile kumbukumbu yake, habari za kila mtu. Mwishoni akasimulia na ya kwake.

Mwaka uliopita, Mahajanga, alimwona msichana mmoja aliyesomea kufundisha viungo, ambaye kila Jumatano alikaa na watu wazima wanaoangusha vitu. Walikuwa sita. Mmoja alikuwa mwalimu, mmoja fundi saa aliyeacha kazi. Msichana yule alimwambia kwamba jambo hilo lina jina, kwa Kifaransa ni disipraksi, kwamba mtu huzaliwa nalo, kwamba si uvivu wala laana, na kwamba haliishi ila linazoeleka. Kisha akamwambia aweke nyayo zote mbili chini.

"Nikamwambia, mwanangu, haya nimeshafundishwa. Akauliza, kwa nani? Kwa Koko mmoja. Akataka kumjua. Akaandika."

"Ukaendelea kwenda?" Ansoifa aliuliza.

"Jumatano tatu. Ya nne akaja mama mmoja wa Mahabibo. Ananiangalia. Anasema, wewe si yule mshona kofia? Unatafuta nini huku kwa watu wasioweza kushika kijiko? Watu wote wakanigeukia." Zalifa alicheka kidogo. "Nikasema nimekuja kumsindikiza mtu. Sikurudi tena."

Ansoifa alitazama mikono yake.

Kesho yake asubuhi Zalifa alikwenda mlango wa uani. Alisimama juu ya yai. "Nyayo," alisema. "Goti. Mkono ukutani. Kiwiko. Vidole wazi." Alikaa hapo kwa muda ambao Ansoifa alipulizia moto mara mbili. "Vidole vinafunga." Akainuka na yai mkononi. Walilichemsha. Lilikuwa zima, wakagawana nusu kwa nusu.

Kisha akaenda mbele ya dirisha.

"Ichukue, dada," Ansoifa alisema. "Umeona unaweza."

"Nikiichukua nitataka kuimaliza. Nikiimaliza, nitataka kumvalisha mtu. Na kule wataigeuza ndani nje waulize mbona huu ni mkono mwingine." Aliusogeza uso karibu na kofia, akaitazama bila kuigusa. "Koko alisema nini siku ile Mama alipokutuma?"

Hakuwa amewahi kuuliza. Gari lilikuwa limeshafika barabarani, dereva alipiga honi.

Yaliyofuata hayakuwa mengi. Zalifa aliuchukua mfuko wake, na juu yake akaweka bahasha yenye kofia mbili ambazo Ansoifa alikuwa ameshona kwa ajili ya Idi ya Mahabibo, moja ya shemeji na moja ya imamu mpya. Alikivuka kizingiti, akajikwaa. Alipanda gari, na watu wa ndani walimngoja wakinung'unika, maana ngazi ilikuwa juu. Mwaka uliofuata aliagiza kofia nyingine tatu, nazo zikashonwa. Ile ya dirishani bado iko pale, na mwenye kupita Marodoka anaweza kuiona akisimama upande wa barabara, ikiwa dirisha limefunguliwa.

Lakini kabla ya hayo, honi ilipolia mara ya pili, Ansoifa alimeza mate, kama alivyofanya maisha yake yote mbele ya mgeni.

"Koko alisema wiki mbili," alisema. "Nilihesabu mwenyewe, vilibaki thelathini na vinane. Ulikuwa unaweza, dada. Mimi ndiye niliyesema huwezi. Nilitolewa shule niwe mikono yako, na nilipokuona una ya kwako, niliona haya kwamba sina kazi nyingine duniani."